Kicheko cha Chumbani

Kagendo,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike na bado sijalia. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeuliza. Siku ya mazishi nilimimina chai, nikagawa mikate, nikahesabu viti tulivyoazima kanisani visipotee. Watu wa Githongo walinisifu eti nimejikaza. Sikujikaza. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Darasa lako la tano lilipewa mwalimu mgeni. Ni mtu mzuri. Anakaa kwenye kiti chako, mimi namsalimu kila asubuhi, halafu nasahihisha madaftari. Mvua ilichelewa. Kahawa imeiva hata hivyo.

Nilijaribu kusoma. Nilikitoa kile kitabu cha mji ulio chini ya ziwa, cha siku ile tulipoenda Meru kumtafutia Kendi wako viatu tukarudi na vitabu vinne bila viatu. Nakumbuka ulivyokuwa ukichagua pale kwenye lundo la mitumba. Unafungua katikati, unasoma ukurasa mmoja umesimama juani, na ukianza kutabasamu, basi hicho tunaenda nacho. Majoka, watu wenye mabawa, safari za kwenda kwenye nyota. Vyote ulivivisha kalenda za zamani ukavilaza kwenye sanduku la bati. Walimu wenzetu walitucheka, watu wazima na hadithi za mazimwi! Na wewe ukawajibu, "Mara ya kwanza nasoma nijue kitakachotokea. Mara ya pili nasoma nikae nao." Katika mji ule wa ziwani ulikaa nao mara saba, ninavyojua mimi. Juzi nilisoma kurasa kumi na mbili nikakifunga. Maneno yalinipita kama watu wa njiani wasionijua.

Sasa nikueleze yaliyotokea kwenu.

Wiki mbili baada ya mazishi wifi yako alikuja kutoka Kanyakine kupanga vitu vyako. Akafungua sanduku, akavua kalenda moja, akaona joka. Baba Kendi akanipigia simu: "Mwalimu, njoo. Mimi hivi vitabu sivijui."

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku. Dada yake amesimama mlangoni na kiberiti mkononi, anasema hivi si vitu vya nyumba ya Mkristo, vitafaa kuwashia moto wa kupikia githeri. Hakuwa na ubaya, Kagendo. Alikuwa ameogopa tu.

Baba Kendi akaniuliza, "Niambie ukweli. Ndani mna nini?"

Wewe ungepata la kusema. Mimi niliamua kusoma. Nilimwomba ainuke, nikachukua kitabu kilichokuwa juu, kile cha zimwi lililohamia kijiji cha watu, nikaanza kumsomea. Nilikuwa nikigeuza Kiingereza kuwa Kimeru, kwa sauti ile ile ya kuita majina kwenye rejista. Nikafika pale zimwi linapokwenda kuazima chumvi kwa jirani. Limeoga, limejipaka mafuta, limefanya mazoezi ya salamu njia nzima. Linapiga hodi, anatoka kuku. Zimwi linapiga yowe, linavunja ua, linajitosa ndani ya pipa, makalio yanabaki nje.

Baba Kendi hakucheka. Aliinua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kumbe ni kuku," akasema.

Halafu akaniambia, huku akiangalia sakafu, "Nilikuwa nikitoka shambani jioni namsikia anacheka chumbani peke yake. Nikiingia, ananyamaza. Miaka yote hiyo, Mwalimu, nilidhani ananicheka mimi. Kwa vile sikusoma."

Ndipo akacheka. Alicheka machozi yakimtiririka, akijifuta kwa kofia. Wifi yako akakaa chini polepole, akauliza zimwi lilitokaje kwenye pipa.

Mbona hukumwambia? Mbona ulinyamaza akiingia? Huenda wewe nawe ulidhani anakucheka, mama mzima na mazimwi yake. Ningekuuliza ungali hai, lakini hilo sikulijua, mimi niliyejua hadithi zako zote. Hicho ndicho kitu pekee kilichonichoma tangu uende. Kilinichoma kidogo, kikapoa.

Vitabu vimebaki. Jumamosi mchana napita kwenu. Baba Kendi anatandika gunia uani, anachagua kahawa, anatenga mbichi na mbivu, mimi nasoma. Cha zimwi tulikimaliza. Sasa tuko chini ya ziwa, na amemkasirikia sana malkia wa mji ule, anasema angekuwa mkewe wangeelewana vizuri tu. Wiki iliyopita wifi yako alipiga simu kusema anakuja, nisianze kabla hajafika. Tulimngoja.

Utamu wa hadithi sijausikia bado. Anapocheka, mimi namtazama usoni nijue kwamba hapo panachekesha. Aliponiuliza mbona sicheki, nilimwambia nimekisoma mara nyingi. Hakuniamini. Aliniletea uji, hakuuliza tena.

Pumzika, rafiki yangu. Kendi hajambo, anakaribia kunipita urefu. Siwezi kukuahidi kwamba nitalia, wala kwamba nitakuwa sawa, kwa sababu sijui. Ninachokuahidi ni hiki: sanduku lote nitamsomea, kitabu kimoja baada ya kingine, bila kuruka ukurasa. Utamu ukirudi nitausikia. Usiporudi nitasoma hivyo hivyo.

Mimi wako,
Kathure