Siku niliyokwenda kumpeleleza mwanangu zahanati

Ijumaa, jioni. Mvua ilianza saa nane mchana, sasa imebaki manyunyu. Moyo wangu haujatulia tangu jana.

Shajara yangu, leo nina mambo. Kwanza niseme kwamba kila jina humu nimelibadilisha, la kwangu pia, na vijiji nimevisogeza kidogo. Ukifika mbele utaelewa sababu.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnajua kwamba mtoto wangu wa pili, Evodia, ni daktari. Nimelisema hapa, nimelisema sokoni Kasulu, nimelisema kwenye kikundi cha akina mama, hata fundi aliyekuja kuezeka jiko nilimwambia kabla hajapanda ngazi. Mimi nimeishia darasa la saba. Wazazi wangu walivuka mpaka na sufuria kichwani, mimi nikiwa mgongoni. Nikisema mwanangu ni daktari, sisemi kwa majivuno tu. Basi, na majivuno yamo.

Jumapili hii kanisani kwetu Rungwe Mpya kuna ibada ya shukrani. Nimeomba nafasi ya kusimama na Evodia mbele ya watu, nimtambulishe. Kitenge kimeshashonwa, changu na chake, sare.

Lakini wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kwaya, nitamwita Leokadia, alinishika mkono tukitoka ibadani. Akaniambia kwa ile huruma ya mtu anayefurahi ndani: "Mama Evodia, pole. Nilikuwa Kumsenga kwenye msiba, nikamwona binti yako. Anadeki. Ana ndoo na tambara, anadeki damu. Kwani ule udaktari uliishia wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia amemfananisha. Lakini kuanzia pale nikaanza kuunganisha mambo.

Evodia hajawahi kunitumia hata picha moja akiwa na koti jeupe. Nikimpigia simu anasema, "Mama, nina wagonjwa, nitakupigia," halafu hapigi. Na kila nikimwita daktari ananirekebisha: "Mama, mimi si daktari. Mimi ni tabibu msaidizi." Siku zote nilidhani ni unyenyekevu, maana nimemlea vizuri. Sasa nikajiuliza, msaidizi wa nani? Anasaidia nini? Ile miaka yake ya chuo, alifaulu kweli au alifeli akanificha?

Sikumwuliza. Mtu anayekudanganya ukimwuliza unampa nafasi ya kujiandaa.

Kwa hiyo jana asubuhi nilimwambia baba yake kwamba naenda Buhigwe kutafuta mbegu. Nikajifunika kitenge kichwani mpaka karibu na macho, nikapanda gari la Kibondo, kisha pikipiki hadi Kumsenga. Nilimdanganya mume ili nikamkamate mtoto kwa uongo. Naandika tu ilivyokuwa.

Zahanati ni jengo la vyumba vichache, na barazani kuna mabenchi mawili. Nilikaa mwisho kabisa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanangu anatoka mlango wa nyuma. Amevaa aproni ya plastiki na mabuti ya mvua, glovu hadi karibu na viwiko, ameshika ndoo. Maji ya ndoo yana rangi nyekundu. Akazunguka nyuma ya jengo kwenda kuyamwaga.

Nikavuta kitenge chini zaidi.

Leokadia hakuongopa.

Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, muda mrefu kama mtu anayeosha mihogo. Kisha akaingia chumba cha mbele na wagonjwa wakaanza kuitwa. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alikuwa na miguu iliyovimba na maneno mengi.

"Huyu binti ana maswali kuliko uhamiaji," akasema. "Umekunywa dawa gani, umekojoa mara ngapi, nani mwingine anaumwa kwenu. Mimi nimekuja na homa, yeye anataka historia ya ukoo."

Babu mmoja mwenye fimbo akadakia: "Na sindano hachomi. Ukimwomba anakuuliza, ya nini, babu? Sasa hapo ni mimi niliyesoma?"

Benchi zima likacheka. Na mimi nilicheka chini ya kitenge changu, lakini moyoni niliandika: hachomi sindano. Kwetu huku mtu akikwambia ametibiwa, utamwuliza amechomwa ngapi. Tabibu asiyechoma, anatibu na nini?

Muda si mrefu akatoka, akapitisha macho kwenye foleni. Nikainama. Alinipita, akamfuata mama mmoja aliyekuja baada yetu wote, akamwambia amshushe mtoto mgongoni. Akampandisha shati yule mtoto, akawa anamtazama kifua na kutazama saa ya mkononi. Anatazama kifua, anatazama saa, hasemi kitu, muda unakwenda. Nikasema, haya, ameshaanza kuhesabu saa za kwenda kula. Kisha akamwinua yule mama na mtoto wake, akawapitisha mbele yetu.

Babu akagonga fimbo chini. "Sisi tuko hapa tangu kumekucha."

"Najua, babu. Nisamehe," Evodia akasema, akafunga mlango.

Nikaongeza: anapendelea watu.

Sasa nikafika kwa muuguzi anayeandika majina. Mama wa makamo, miwani imefungwa na uzi. Akaniuliza jina. Nilikuwa nimepanga la uongo, lakini pale pale likanitoka kichwani, na jina lililokuwa limenikaa moyoni wiki nzima likaja lenyewe mdomoni.

"Leokadia," nikasema. Nikataja na ubini wake na kijiji chetu, maana ukianza unamaliza.

Muuguzi akapekua rejista, akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Kumbe umerudi," akasema bila hata kunitazama. "Vizuri, wengi huambiwa warudi na hawarudi. Ngoja niunganishe karatasi yako ya siku ile."

Leokadia alikwenda Kumsenga msibani. Msibani mtu haandikwi kwenye rejista ya zahanati.

Nilipoitwa niliingia nimeinamisha kichwa, karatasi ile ikiwa imebanwa kwenye kadi niliyopewa na muuguzi, na sikuifungua. Nasema kweli, niliishika tu. Ilikuwa inaniwasha kiganja.

Evodia aliipokea, akaisoma, akaniangalia. Nilitegemea atashtuka, au atacheka. Alichofanya ni kuigeuza karatasi ile kifudifudi, akafungua droo, akaiweka ndani, akafunga. Ndipo akaniamkia kwa Kiha chetu. Kisha akachukua karatasi mpya.

"Jina lako kamili?"

"Evodia, mwanangu, ni mimi."

"Jina lako kamili, mama."

Nikalitaja. Akaliandika, akamwita muuguzi akasahihishe kwenye rejista, akafunga mlango. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo hata nyumbani sijawahi kuisikia: "Mama, karatasi ile ina dawa za mtu mwingine na ugonjwa wa mtu mwingine. Ningekuandikia kwa kuifuata ile, ungeondoka hapa na dawa zinazoweza kukuua. Na yeye siku akirudi, angekuta kwenye karatasi yake vipimo vya kwako. Usifanye hivyo tena popote."

Mimi, mama yake, nikasema, "Sawa." Kama mtoto.

Nilikuwa nimejiandaa kusema nina malaria, nikasema hivyo. Akatoboa kidole, akaweka damu kwenye kile kipimo cha plastiki, tukasubiri. Ukatoka mstari mmoja.

"Huna malaria."

"Najua," nikasema, ikanitoka.

Hakucheka. Akanitazama kifua, akatazama saa. Nikamwuliza anawahi wapi. "Nahesabu pumzi zako, mama, na ukiongea zinapotea." Nikanyamaza. Nikamkumbuka yule mtoto wa barazani na shati lake lililopandishwa, nikaona haya peke yangu.

Halafu akanifunga mashine ya presha. Mkono wa kulia, akaandika. Wa kushoto, akaandika. Akaniambia nikae bila kuongea mpaka atakaporudi, akahudumia mgonjwa mwingine chumba cha pili, akarudi, akapima tena. Akaanza yale maswali ya uhamiaji. Nikamtajia vidonge vya magoti ninavyonunua dukani na kumeza kila siku tangu msimu wa kulima uanze. Akaandika, akaniambia niviache kuanzia leo. Kisha akauliza: "Ulipokuwa na mimba, uliwahi kuvimba uso na miguu, ukaambiwa presha imepanda?"

"Mimba ipi?"

"Yoyote."

Angeniuliza kama mwanangu, jikoni, ningemwambia aende akaangalie maharage. Lakini alikuwa ameshika kalamu, na jina langu la kweli lilikuwa juu ya karatasi. Nikamwambia kuhusu ile ya kwanza. Kwamba nilivimba, kwamba nilianguka nikatetemeka, niliamka wakiwa wameshamzika. Alikuwa wa kiume. Evodia na wenzake wote hawajui kwamba kuna aliyewatangulia. Baba yao na mimi tulikubaliana tusiseme.

Kalamu ilisimama kidogo. Akaandika. Akaniuliza kama nataka maji. Nikasema nataka.

"Kwa kipimo cha siku moja siwezi kusema una presha," akaniambia. "Lakini namba siipendi. Urudi Jumatatu, na Alhamisi. Zikiwa hivihivi nitakuandikia rufaa Kibondo, daktari ndiye aamue dawa. Kichwa kikiuma ghafla au macho yakififia, usingoje siku, nenda hospitali."

"Kwa hiyo wewe hujui dawa yake."

"Naijua. Kuna ninachoruhusiwa na kuna ambacho ni cha daktari. Ndiyo maana nakwambia usiniite daktari, mama. Siku moja mtu ataniletea jambo la daktari na mimi nitakuwa nimeshazoea kuitwa."

Hapo nikamrushia lile la kudeki. Akanieleza bila hasira. Mhudumu wa usafi yuko likizo ya uzazi, wao wamebaki wachache, na damu ikibaki sakafuni inamngoja mgonjwa atakayelala pale baadaye. Wanachanganya klorini kwa kipimo maalumu, na alifundishwa chuoni kipimo hicho kama alivyofundishwa dawa.

"Na siku ile Leokadia alipokuona, ilikuwa damu ya nani?"

"Hiyo siwezi kukwambia."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Wakati wa kutoka nilikiangalia kile chumba cha nyuma alikotoka na ndoo. Dirisha lake liko juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Mlango wake umefungwa na mbele yake kuna pazia. Barazani huoni kitu, uani huoni kitu. Sakafu ya chumba kile haionwi na mtu aliyepita kwenye msiba. Anaiona aliyelala kitandani mle ndani.

Nilisimama pale nimeshika ukuta.

Mtu wa kwetu ameziruka zahanati na hospitali zote za Kasulu, amekwenda Kumsenga asikojulikana, akamkuta mwanangu. Mwanangu akamhudumia, akadeki alipokuwa amelala, na hajafungua mdomo mpaka leo. Na yeye akarudi kunipa pole. Pengine aliogopa kwamba Evodia amenisimulia, akaona awahi kutuchafua ili tukisema tusiaminike. Sijui alikuwa anaumwa nini. Nakisia, na ninachokisia sikiandiki hapa.

Tangu jana nina hasira, na hasira yangu ina maneno mazuri sana. Nimeyapanga. Jumapili nikisimama, sentensi moja tu inatosha. Naweza kusema, "Mwanangu huwahudumia hata wale wanaosafiri mbali kujificha," nikamtazama mtu mmoja wa kwaya, nikakaa. Hakuna ambaye asingeelewa.

Kisha nikafikiria Jumatatu yake. Watu hawatasema mama Evodia alikisia kwa kuangalia dirisha. Watasema yule tabibu msaidizi wa Kumsenga anampelekea mama yake magonjwa ya watu. Yule mwenye miguu iliyovimba ataacha kujibu maswali. Mama mwenye mtoto anayehema atakaa naye nyumbani. Na mwanangu, aliyejizuia kunijibu hata nilipomwuliza damu ilikuwa ya nani, atakuwa amemalizwa na mimi.

Kwa hiyo nimeandika nitakachosema, kwenye karatasi, nisije nikapotea: "Huyu ni binti yangu Evodia. Ni tabibu msaidizi. Namshukuru Mungu." Nimekisoma mara tatu kwa sauti, ni kifupi mno kwa mtu kama mimi. Baba yake amenisikia kutoka uani, akauliza kama naumwa. Na hapo ndipo nilipomwambia kwamba sikwenda Buhigwe, na kwamba Evodia sasa anajua kuhusu kaka yake. Amekaa kwenye kigoda mpaka sasa.

Keshokutwa Leokadia atakuwa mstari wa pili wa kwaya, hatua kumi kutoka nitakaposimama. Huenda akanitabasamia.

Mdomo wangu naujua. Je, utaniheshimu siku hiyo moja?