Askari Wasio na Macho

Mnyambe, 9 Agosti 1996

Baba Yeremia,

Shikamoo. Mikorosho imeanza kutoa maua, na salfa uliyotuma kutoka Masasi imefika, ingawa mfuko mmoja umepasuka. Mama yako hajambo.

Mwanao yuko jandoni, na mimi kwa desturi sipaswi hata kuuliza habari zake. Lakini kaka yangu Yoeli, anayewapelekea vijana chakula, ameninong'oneza kwamba mmoja wa wenzake Yeremia ametoka vipele vya surua.

Unakumbuka siku ya chanjo ulivyomchukua mtoto ukaenda naye Lupaso ili asichanjwe? Ulisema, "Mwanangu ana askari wake mwilini." Nimemwuliza muuguzi Veridiana. Anasema askari anao, ila hawana macho, wanatambua adui kwa kupapasa. Kila mmoja ana vipokezi vyake, kama viganja vya umbo moja tu, na wenye kiganja cha kulishika koti la kirusi cha surua ni wachache mno. Chanjo huwaonyesha koti hilo mapema, nao wakaongezeka. Wa Yeremia watajifunza nyumba ikiwa inaungua!

Akichanjwa leo, huenda tukawahi. Mganga wa zahanati kaenda Newala. Amebaki Veridiana, mwanamke kama mimi. Mama yako anasema mwanamke akikanyaga jandoni, ndoa yake imekwisha.

Barua hii nampa dereva wa lori. Utakapoisoma, tutakuwa tumeshaingia. Wazee wakija kukuambia huna mke, waambie una mtoto.

Mama Yeremia