Mwalimu Elihuruma Pallangyo: Nani Mwingine Amesikia?

Baba, ni mwaka mmoja sasa tangu saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Jumanne ile, Mama alipokuta chai yako imepoa na hujaigusa.

Miaka ishirini na tisa ulifundisha watoto wa watu fizikia. Ulipostaafu ulirudi kijijini Akheri, kwenye migomba na kahawa yako, ukaanza kazi isiyo na mshahara: kuchambua kwenye kompyuta rekodi za mitambo ya ng'ambo inayosikiliza mashimo meusi ya angani yakigongana na kuwa moja. Mtikisiko wa mgongano huo husafiri miaka zaidi ya bilioni, na ukifika huku husogeza vioo vya mtambo kwa kipimo kidogo kuliko kiini cha atomu. Lori likipita tu karibu na mtambo linaufunika. Wewe ulikuwa unatenga kelele za namna hiyo na mtikisiko wa kweli.

"Kaka, mashimo yagongane huko, wewe wa Akheri yanakuhusu nini?" alikutania Baba mdogo Gadiel.

"Wewe na gereji yako ya Ngarenaro unasikia injini imekufa kabla mwenye gari hajajua. Niache na mimi nisikilize zangu."

Kanuni yako ilikuwa moja. Mtambo mmoja ukisikia peke yake, hiyo si habari. Lazima wa pili, ulio mbali, usikie vilevile. Hata tulipokuwa wadogo, tukikimbia kukuambia kuna mtu getini, uliuliza: "Nani mwingine amesikia?"

Kila asubuhi uligonga tangi la maji mara mbili, kujua maji yamebaki kiasi gani. Tangu uondoke, Mama bado husikia likigongwa. Ndiyo maana amekataa kuhamia kwangu Njiro.

"Nikiondoka," alisema, "atagonga asikilizwe na nani?"

Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita nililala Akheri, chumba cha nyuma. Mama cha mbele. Asubuhi, kwa kanuni yako, kila mmoja aliandika alichosikia, kisha tukalinganisha. Karatasi yake: "12:04, mara mbili." Yangu ilikuwa tupu.

Alizisoma zote mbili. Akafungua daftari ulilokuwa ukiandikia uchambuzi wako, akaandika chini ya mstari wako wa mwisho: "Kelele." Hakulia. Alivaa sweta lako, akatoka nje.

Unakumbukwa daima na mkeo Hanna, mimi binti yako Diana, mjukuu wako Irine, mdogo wako Gadiel na ukoo wote wa Pallangyo.

Jumapili hiyo, saa 12:19 asubuhi, Mama aligonga tangi mara mbili. Tulisikia wote wawili.