Barafu ya Papai ya Kumurudisha Ministre

Siku ya kwanza, 8 janvier 2024. Butembo.

Ministre amenikimbia. Imbwa yangu! Nilimupa jina hii juu ya kutembea kwake—tumbo mbele, hasalimie mutu. Sasa amefanya kazi ya jina: ameenda kwenye kuko nyama.

Nimemukuta kwa Apollinaire, ule mwenye kuchoma mbuzi pale kona. Amelala karibu na moto sawa mutu mwenye kulipa nyumba. Nikaita. Akatingisha mukia mara moja, polepole, ile ya kusalimia mutu wa taxe.

Apollinaire akasema: Tonton Zorobabel, mimi sikumufunga kamba. Alikuja mwenyewe.

Nikaelezea batu benye kula pale: imbwa hii nilimutosha mu kinywa ya chui, kule Manguredjipa, na mukono yangu hii ya kushoto. Mutu moja akacheka mpaka mufupa ikamukwama. Akasema mwaka jana ilikuwa mamba. Bon. Mamba ilikuwa mbele, chui ikakuja nyuma. Manguredjipa haikosake banyama.

Apollinaire akasema: donc, siku ya Mungu, kiisha misa, tumuweke katikati ya barabara. Mimi upande huu, weye upande ule. Kila mutu aite. Mwenye imbwa atamufuata, njo mwenyewe kwa kweli. Kinywa yangu ikajibu oui mbele ya mimi kufikiri.

Tangu mama ya batoto alifariki, Ministre njo alikuwa ananipokea ku mulango mangaribi. Leo nimefungua, nimesema: nimefika. Nimejipokea mwenyewe.

Haizuru! Nitashinda.

Siku ya pili, 9 janvier.

Nimefikiri mpaka kofia ikapata moto. Nyama kwa nyama, Apollinaire atanishinda. Inaomba akili. Na akili niko nayo—niliacha masomo mu mwaka ya ine ya primaire juu muwalimu alikosa kitu ya kuniongezea.

Nikapiga telefone kwa Ornella, mutoto ya dada yangu. Anapikaka kwa batu fulani Beni, benye kupenda imbwa kupita bashemeki. Akasema: Tonton, hapa tunazipatiaka barafu ya matunda. Zinalia juu yake.

Barafu! Imbwa! Kesho ninapanda pikipiki.

Siku ya tatu, 10 janvier. Beni.

Barabara ilikuwa ya amani, Mungu asifiwe. Mais joto ya Beni! Ata kivuli kinatoka jasho.

Ornella amenionyesha kila kitu. Papai yenye kuiva, unatosha mbegu yote. Ndizi mbivu, ile ya madoa meusi. Unaponda na uma, maji kidogo. Sukari hapana—nilinyoosha mukono ku sukari, akanipiga na kijiko. Unamwanga mu vikombe tupu vya maziwa ya yaourt, unasimamisha karoti katikati iwe mukono ya kushikilia. Kiisha, mu congélateur, ile frigo ya kugandisha.

Akatosha zenye alitengeneza jana. Imbwa mbili za pale zikakaa chini kimya, zinangojea sawa batu ku komunyo. Zikalamba, zikakula na karoti. Na mimi nikakula mbili, na joto ile! Ornella akasema: Tonton, ya pili ilikuwa ya Bobi. Bobi, imbwa ile kubwa, ananiangalia mpaka sasa.

Kwa sentinelle, mulinzi ya ile nyumba, nimesema mimi njo nilimufundisha Ornella. Ni kweli kidogo. Nilimufundisha kula papai.

Siku ya ine, 11 janvier. Butembo.

Nimerudi na papai mu mufuko, nikanunua karoti ya Musienene, ndefu sawa mukono ya mutoto. Nimeponda yote. Mais congélateur sina. Mu kartier yetu, mwenye iko nayo ni Mama Jokébed, mujane, anauzishaka thomson, ile samaki ya barafu. Nikaenda nimevaa koti.

Akauliza: Papa Zorobabel, ni dawa? Nikasema hapana, ni chakula ya imbwa. Akacheka mpaka akashikilia ukuta. Akasema: batu ya Butembo banatafuta moto, weye unatafutia imbwa barafu! Mais akasogeza samaki, akanipa nafasi.

Siku ya tano, 12 janvier.

Asubui, ukungu mpaka ku magoti. Nikachukua kikombe moja, nikamupelekea Ministre ajaribu. Akalamba. Akapiga chafya. Akaniangalia na huruma—na huruma!—akarudi ku moto.

Apollinaire: Tonton, baridi ya Butembo haikutoshe? Unatuongezea ingine?

Bakacheka bote. Nikasema hii ilikuwa ya kupima hewa tu. Nikaondoka polepole, na heshima, mpaka kona. Kiisha kona, nikatembea mbio.

Ornella hakuniambia kama akili hii inafanya kazi kwenye kuko juwa tu. Siku mbili zinabakia. Nyumba iko kimya. Nimekula bila njaa.

Siku ya posho, ile ya sita, 13 janvier.

Bahati mbaya juu ya bahati mbaya. Courant ya umeme ilikatika, ikarudi. Mama Jokébed akaniita, alikuwa na haya: samaki zilitoa maji, maji ikashuka mu vikombe vyako, sasa yote imeshikana tena. Barafu imepata rangi ya simenti. Nikalamba. Thomson! Thomson na papai. Sitaki kuandika utamu yake.

Nikabeba kikombe moja niende kutupa. Imbwa ya jirani ikanifuata. Kiisha ingine. Kiisha ile ya kilema ya ku paroisse, pale ku kanisa, yenye haijakimbiaka tangu ulimwengu uumbwe. Nilifika ku nyumba na musafara nyuma yangu sawa gouverneur.

Mama Jokébed akasema: ni samaki, Papa. Nikasema: hapana, ni papai imekolea. Akasema: papai? Nikasema: papai. Akafunika kinywa na kitenge.

Siku ya Mungu, 14 janvier.

Ninaandikia hii mu lupango, uwanja ya nyumba ya Mama Jokébed, nimekaa juu ya kisanduku ya samaki. Hii njo vile nimefika hapa.

Misa ikaisha. Batu bakasimama pembeni ya barabara, labda elfu tano. Katekista atasema makumi ine, mais macho yake ni ya zamani. Apollinaire na mbavu ya mbuzi, mafuta inadondoka. Mimi na kikombe yangu ya rangi ya simenti, karoti juu. Ministre katikati.

Apollinaire akapiga kelele: Ministre, kuya! Mimi sikuita jina. Nilisema tu: tuende kwetu. Sauti ilitoka ndogo. Ni baridi.

Pua yake ikanyanyuka. Akatazama mbavu. Akatazama mimi. Akakuya kwangu—kwangu! Akalamba barafu yote, akakula karoti, akalamba vidole vyangu kimoja kimoja. Nikanyanyua mikono, nikaanza kuelezea batu ile chui. Nilikuwa nimefika ku meno—

Ministre akapita kati ya miguu yangu. Mama Jokébed alikuwa anateremuka kutoka misa, kitenge ya siku kubwa, kitabu ya nyimbo mu mukono. Ministre akamunusa mikono, ile ya kuuzisha samaki. Akamufuata mpaka kwake, akalala mbele ya congélateur. Hakugeuka ata kidogo.

Apollinaire akasema: Tonton, tumepoteza bote babili.

Nikasema: mimi njo nimemutuma.

Donc nimekuya kumuchukua. Nimeita. Mukia, mara moja. Mais haraka kuliko siku ya kwanza, nimeona!

Mama Jokébed anasonga bugali. Anasema: Papa Zorobabel, mimi sikumufunga kamba. Na weye sikukufunga. Mulango iko wazi.

Nikasema ninangojea imbwa yangu tu.

Akasema: ngojea.

Apollinaire iko inje, mbavu yake imepoa mu mukono, anauliza kama bugali itatosha. Thomson inalia mu mafuta. Mama Jokébed ametosha sahani, ananiuliza: ku yako nitie pilipili ao hapana? Ministre amesimama.

Nikasema atie mingi. Ministre njo anaipendaka.