Yule Ndege wa Nkoma Hakuwa Mwewe

Dada Zamzam,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, kwenye rehema za Mola. Najua kwanza ungeuliza habari za Halima, mwanao. Halima amejifungua, yeye na mtoto ni wazima. Wamelala chumba cha pili, nami nakuandikia kwa hizi herufi za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe. Mke mkubwa kumfundisha mke mdogo kuandika, wanawake wa Jinja walitucheka sana.

Tangu ututoke tumehama. Mume wetu, Baba Halima, alipata kazi ya udereva Mbale, sasa tunakaa Nkoma, nyumba ya bati yenye kiwanja kikubwa nyuma. Nimepanda viazi vitamu, maharage na migomba michache, na kuku ninao. Halima alimwacha mumewe Jinja akaja kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Mama aliyebaki ni mimi. Ile mimba ya kwanza iliharibika, wewe ndiye uliyemwuguza, kwa hiyo safari hii alikuja na hofu. Sufuria ikianguka tu, anashika tumbo.

Basi asubuhi moja ndege mkubwa mweusi akatua juu ya nguzo ya uzio, akatulia pale kama anayetazama dirisha la Halima. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata pia. Jirani yetu Mama Nambozo, mwanamke mwema wa Kigisu ambaye hunigawia mboga kila akitoka mlimani, akaja mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ndege kama huyo akizoea nyumba yenye mimba, si vizuri." Hakuwa na ubaya. Alituogopea. Lakini Halima alisikia.

Toka hapo hakukanyaga tena uani, na chakula akakiacha. Jioni nikamkuta anafunga nguo zake, anataka basi la kurudi Jinja. Barabara ile yenye mashimo, dada, na tumbo lile. Baba Halima naye akasema atamwita askari mwenzake wa zamani mwenye bunduki aje ampige ndege, yaishe. "Ni mwewe tu huyo," alisema. "Ndiye anayemaliza vifaranga." Na kweli vifaranga vilikuwa vinapotea.

Mimi niliogopa yote mawili. Wakimuua, kisha mtoto apate jambo, Halima atasema ni kwa sababu tulimuua. Wakimwacha, atasema ni kwa sababu tulimwacha.

Nikakaa jikoni nikakukumbuka. Nilikuwa bibi harusi wa siku chache nyumbani kwako, natoka sokoni na nyama kwenye sinia, mwewe akashuka akaibeba, kucha zikanichana mkono. Niliketi chini nikalia. Nilidhani hata ndege wa mji ule hawanitaki. Ukaja ukaniosha mkono kwa maji ya chumvi, ukasema, "Huyo ni mwewe, mdogo wangu. Hakukuchagua wewe, alichagua nyama." Halafu ukanionyesha ndege wa angani mmoja mmoja, kama ulivyoonyeshwa wewe ulipokuwa mtoto kwenye mashamba ya Budondo. "Usitazame ukubwa, ukubwa unadanganya. Tazama mkia, tazama kichwa, halafu tazama anakula nini."

Kwa hiyo nikamwomba Baba Halima asimwite mtu wake mpaka adhuhuri ya kesho. Asubuhi nikatandika mkeka kati ya migomba, nikangoja.

Ndege akaja. Mkia wake haukuwa na panda kama wa mwewe, ulikuwa umenyooka, wenye milia. Kichwani alikuwa na manyoya marefu yaliyosimama, upepo ukiyalaza huku na huku. Hapo nilikusikia kabisa: "Mwenye kishungi ni tai, naye anakula panya."

Lakini kujua peke yangu kusingefaa kitu. Nikaingia ndani nikamshika Halima mkono. "Njoo umwone," nikamwambia. "Mama yako asingekubali umkimbie kabla hujamwangalia." Alikataa, nikakaa naye kitandani, mwishowe akainuka, kanga kichwani, uzito wake wote umeniegemea mimi.

Tulikaa pale mkekani mpaka kiuno kikaniuma. Mara ndege akainama, akajiachia kutoka juu ya nguzo, akaangukia matuta ya viazi yaliyo chini ya dirisha. Alipoinuka alikuwa na panya mnene kwenye kucha. Akafungua mbawa, tukaona doa kubwa jeupe kila upande.

Halima akasema polepole, "Kumbe hakuwa ananitazama mimi."

"Alikuwa anatazama viazi," nikamwambia.

Akacheka, kisha akalia. Alisema ulikuwa ukimwonyesha ndege hawa naye hasikilizi, anataka kwenda kucheza. Tukazungumza habari zako mpaka maharage yakaungua jikoni. Tuliyala hivyo hivyo, na yeye akala kunishinda.

Baba Halima alinung'unika kidogo, lakini aliposikia habari za panya akaacha mambo ya bunduki, kwa kuwa viazi anavipenda. Mama Nambozo hakuniamini sana. Hata hivyo uchungu ulipoanza, yeye ndiye aliyekimbia kumwita mkunga, akamkanda Halima mgongo mpaka mwisho. Vifaranga bado vinapotea. Nadhani ni nguchiro.

Mtoto ni mvulana. Tulitaka jina lako, haikuwezekana, basi tumempa la baba yako, Juma.

Dada, nilipoletwa kwako niliambiwa na kila mtu nitakutana na adui. Nilikutana na wewe. Ulinigawia jiko lako, ukanigawia mtoto wako, na siku Halima alipohitaji mama nikakuta nina cha kumwambia, kwa kuwa ulikwisha kuniambia mimi. Sikukushukuru vya kutosha ulipokuwa hai. Tulikuwa na kazi nyingi, siku zikapita.

Mtoto akipata nguvu ya safari tutakuja Jinja, nilipalilie kaburi lako na Halima akuonyeshe mwanawe. Mungu akulaze pema. Na Juma atakapoanza kusema na kuniita bibi, nakuahidi nitamwambia ana bibi wawili, na mimi ni yule mdogo.

Mdogo wako,
Mariamu