Macho ya Mama na Mashindano ya Poka

Barangay San Roque,
Marikina.
12 Agosti, 2019

Mpendwa Ate Ligaya,

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza rasmi kuwa pasi uliyotutumia kutoka Dubai imefufuka, na sasa inaunguza nguo za nyumba nzima bila ubaguzi. Baada ya hilo zito, hujambo dada yangu? Mgongo umepoa? Huku sote wazima, ila macho ya Mama. Juzi alisalimia kabati akidhani ni mimi.

Daktari anataka peso elfu arobaini za upasuaji wa kila jicho, mwisho Alhamisi hii. Tulikuwa na za jicho moja. Mdogo wetu Gani akaomba elfu kumi katika hizo akacheze mashindano ya poka.

Wewe hujui karata, basi nikueleze nilichojifunza kwa kukaa nyuma ya kiti chake mwaka mzima. Meza ya taslimu ni kama kuuza duka: leo faida kidogo, kesho hasara kidogo, ukiona mambo mabaya unabeba chako unaondoka. Ipo pia ya karata nne mkononi. Hapo kila mtu hujiona mfalme, na pesa hupanda na kushuka kama homa. Mashindano ni jambo jingine kabisa. Unalipa kiingilio, mnaketi watu hamsini, wanalipwa watano. Hata fundi anaweza kumaliza mwaka hajaambulia kitu.

"Kaa meza ya taslimu," nilimwambia.

"Kuya, kaka yangu, kwa mwendo wa meza hiyo Mama atapona akiwa marehemu."

"Na huko ukitolewa?"

"Nitamshika mkono hadi kanisani maisha yangu yote. Nipe."

Nikampa. Ate, jana sikula. Saa tisa alasiri walibaki wanne. Gani akasukuma vipande vyake vyote vya dau mezani akiwa na karata mbili za bibi. Mwenzake akafunua ree na kumi; ikitokea ree nyingine mezani, tumekwisha. Karata ya mwisho ilichukua rozari nzima kufunuliwa. Ikawa saba! Mwishowe Gani akamaliza wa tatu: elfu sitini na mbili. Ukijumlisha na thelathini zilizobaki nyumbani, macho yote mawili, na chenji juu.

Kosa letu ni hili. Faida ya taslimu Gani huileta kimya, ndani ya soksi. Mashindano yalirushwa kwenye simu, mtaa mzima ukatazama. Alipofika, foleni ya majirani waliotaka balato, ile mgawo wa mshindi, ilianzia kwa muuza barafu. Aling Pacing alidai fungu lake kwa kuwa aliwasha mshumaa. Mang Tikyo alidai kwa kuwa hakuwasha, asije akaharibu. Nikafunga mlango, Mama akapapasa komeo, akafungua mwenyewe.

"Gawa, mwanangu! Wasije wakasema tuna mkono wa birika, bahati ikatuhama."

Nguruwe wa kuchoma naye akanunuliwa.

Msalimie shemeji, Kuya Berting, na watoto. Shangazi, Tiya Osang, anakuombea. Mungu akukinge na jua la huko.

Wako akupendaye hata usipojibu,
Nemesio

Nimesahau: zimebaki elfu sitini na saba. Alhamisi Mama anapasuliwa jicho moja.