Daftari langu lilimfanya Mama Pacha aitilie shaka akili yake, na mimi ndiye niliyelisoma

13 Machi

Mshauri wetu,

Kila Jumamosi nakusoma nikinywa chai, nikiwacheka kidogo wanaokuandikia, na leo zamu ya kuchekwa ni yangu. Naomba unishike mkono kabla ya Ijumaa tarehe 30, kwa sababu siku hiyo nitapewa heshima nisiyostahili na sijui nitaizuiaje.

Nina miaka arobaini na minne, nimeolewa, na nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kukunja. Labda hujui kwamba shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, ni refu, na likigusa sakafu linarudishwa kufuliwa upya, kwa hiyo tunasimama wawili wawili, kila mtu na pembe zake mbili, mnasogeleana, mnakutanisha mikono, mnaachana, mnasogeleana tena, na mtu uliyesimama naye hivyo miaka kumi na moja unajua amelala vizuri au vibaya kabla hajafungua mdomo. Mwenzangu huyo ni Mama Pacha.

Mimi na yeye tuna ugonjwa mmoja, waigizaji. Wangu tangu nikiwa shule ni yule ambaye watu humwita Mama Mkwe, kwa sababu aliigiza mama mkwe mkorofi miaka mingi hata watu wakawa wanamkwepa sokoni, na wa kwake ni Bi Hakimu, aliyeigiza hakimu asiyecheka. Wote wawili sasa wana wajukuu. Zamani tulikuwa tunabishana nani kati yao analia machozi ya kweli, lakini miaka hii miwili wameingia kwenye siasa kwa midomo yao wenyewe. Bi Hakimu akipewa kipaza sauti huwauliza viongozi waliobomoa vibanda vya soko wamewapeleka wapi wauzaji, na Mama Mkwe hupanda jukwaani na viongozi hao hao akasema kuongoza ni kazi ngumu, tushukuru kwanza kwa barabara ndipo tuulize mengine.

Basi chumba chetu kikagawanyika pande mbili. Mama Pacha alikuwa akivuta shuka anasema, "Huyo wako ameshalishwa, shoga. Mdomo umejaa, atauliza saa ngapi?" Nami namjibu, "Wako anapiga kelele kwa sababu hakualikwa." Naye: "Vuta pembe yako huko, unalegeza." Tulikuwa tunacheka, lakini sitakuficha kwamba neno lile la kulishwa lilikuwa linanichoma, kwa sababu moyoni nilikuwa naogopa kwamba ni kweli.

Sasa nifike kwenye daftari. Tangu nikiwa kidato cha pili naandika daftari la siku, tarehe juu, mambo chini, na nina kanuni zangu: nililoliona au kulisikia vizuri naliandika kwa wino basi, na nisilo na hakika nalo naliwekea alama ya kuuliza kwa penseli pembeni. Kazini wote wanalijua daftari hilo, wananiita Hansadi, kama zile kumbukumbu za bunge, mtu akibisha kuhusu zamu au siku ya msiba fulani naulizwa mimi.

Alhamisi tarehe 8 Februari waigizaji wale wawili walihojiwa pamoja redioni. Mimi nilikuwa nimechoka, nikasinzia kwenye kiti, nikaamshwa na kile kicheko cha Mama Mkwe ambacho hakuna asiyekijua, na hapo hapo mtangazaji akarudia sentensi iliyokuwa imesemwa. Kesho yake asubuhi nikaandika.

Jumanne tarehe 27, saa ya chai, Mama Pacha akasema, "Mlisikia Bi Hakimu alivyowapa kwenye yale mahojiano? Kiongozi anayeogopa swali la muuza nyanya hafai kusimamia hata foleni ya choo!" Watu wakaangua kicheko. Nikasema hapana, maneno hayo ni ya Mama Mkwe. Akasema, "Mama Mkwe gani aseme hivyo? Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili." Yupo fundi wa boila ambaye tunamwita Spika kwa sababu ya sauti yake, akagonga kikombe: "Waheshimiwa, waheshimiwa! Bunge hili linataka ushahidi. Hansadi iletwe."

Jumatano tarehe 28 nikaileta. Nikasimama kati ya vikapu vya foronya, nikasoma tarehe, nikasoma jina la Mama Mkwe, nikasoma sentensi yote. Pembeni palikuwa na alama yangu ya penseli, hiyo sikuisoma. Chumba kizima kikalipuka, Spika akapiga saluti, na mmoja wa wapiga pasi akamgeukia Mama Pacha, "Bi mkubwa, siku hizi unaota mchana?" Mwingine akadakia, "Na huyu ndiye tunataka akatusemee kwa wakubwa? Atafika mezani asahau tulimtuma nini."

Nieleze hapo. Tarehe 30 Machi tunachagua mwakilishi wa wafanyakazi wa kufulia, wa kwenda kuzungumza na utawala kuhusu glavu zinazotoboka na joto la chumba cha pasi, na kabla ya siku ile kila mtu alikuwa anajua ni Mama Pacha, kwa sababu haogopi mtu.

Yeye alifuta mikono kwenye aproni akasema, "Kama limeandikwa, limeandikwa." Kisha taratibu, kama anajisemea, "Basi labda ni mimi."

Kama angenikasirikia ningelala usingizi. Hakunikasirikia. Jumatatu tarehe 5 alimwomba msimamizi amhamishie kwenye mashine za kufua, akasema kule mashine inahesabu yenyewe, na akaliondoa jina lake kwenye uchaguzi. Tarehe 7 nilimwona ameandika idadi ya shuka kwenye mkono kwa kalamu, yeye ambaye alikuwa anabeba hesabu ya wodi nane kichwani. Tarehe 9 nilimsikia kwenye dirisha la kutolea shuka akimuuliza muuguzi, kwa sauti ya chini, kusahau kwa mtu huwa kunaanzaje. Mshauri, mama yake mzazi alisahau kila kitu, miaka sita ya mwisho alikuwa akimwita yeye kwa jina la dada yake. Hilo aliniambia mimi peke yangu, tukikunja.

Jumapili tarehe 11 redio ikarudia mahojiano yale. Nilikuwa namenya viazi, mume wangu anatengeneza feni. Ikaja ile sentensi, na ilikuwa sauti ya Bi Hakimu, kavu kama yeye mwenyewe. Mama Mkwe akacheka kicheko chake, akasema, "Umenichekesha, mwenzangu, lakini sikubaliani nawe hata kidogo. Na ukitoka hapa unipitishe nyumbani, goti langu leo halinitaki." Bi Hakimu akamjibu, "Nitakupitisha, ukinyamaza njiani."

Mume wangu akaniangalia. "Si ndiyo ile uliyowasomea?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nani mwingine amesikia? Jumapili hii nusu yenu mko zamu. Piga kimya, Mama. Maneno ya redio hayo, yatapita."

Mama Pacha alikuwa zamu. Kazini hakuna aliyesema kitu. Na jina lililopelekwa badala ya lake ni langu, nalo liko peke yake, wanasema wanataka mtu wa kumbukumbu. Sasa nakunja na mzee wa mashine ya kukausha, ana mikono mirefu, shuka zinatoka upande.

Nimefikiria nijitoe kimyakimya, niseme afya si nzuri, ili nafasi ibaki wazi na yeye aombwe tena. Nafikiri hilo lingetosha bila kumwaibisha mtu yeyote. Au niseme? Na nikisema, nani ataliamini tena daftari langu? Nimeliandika miaka ishirini na minane.

Ni mimi,
Hansadi wa chumba cha kufulia

JIBU

Hansadi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, maana si watu wengi wanaotaabika kwa kosa ambalo hakuna aliyeligundua. Mara ya pili nikafika pale uliposema pembeni palikuwa na alama ya penseli, "hiyo sikuisoma," ukaendelea na safari kama mtu aliyeruka dimbwi. Maneno mawili, dada yangu. Barua yako yote imo humo.

Kusinzia si kosa. Kuandika kesho yake si kosa. Kuchanganya sauti mbili ukiwa na usingizi, nani hajafanya? Na ulikuwa umejitahadharisha mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba hapa sina hakika. Kisha ukasimama mbele za watu ukawa na hakika. Kwa nini? Umeniambia mwenyewe bila kuulizwa: ulikuwa umechoka kuambiwa mwigizaji wako amelishwa. Ulitaka sana aliyesema maneno yale ya kishujaa awe wa kwako. Nakuelewa. Lakini tazama umemlipisha nani.

Unaniuliza kuhusu uchaguzi na kuhusu sifa ya daftari. Mimi nakuuliza kuhusu mkono wa Mama Pacha ulioandikwa kwa kalamu. Mwanamke yule anaamka kila siku akijipima kama ameanza kuwa mama yake. Anawauliza wauguzi dirishani. Anaogopa ugonjwa ambao hana, na wewe unayejua kwamba hana unakaa unapanga kisingizio cha afya! Afya ya nani? Kila siku unayosubiri tarehe 30 ifike, yeye anaongeza siku nyingine ya hofu. Kwa hiyo futa tarehe 30 kichwani mwako. Hili ni la siku unayosoma gazeti hili.

Mumeo ni mtu mwema, anataka mkewe alale. Ila hakuwepo kwenye vikapu vya foronya. Maneno ya redio yatapita, kweli. "Basi labda ni mimi" haitapita yenyewe.

Na kujitoa kimyakimya, kwa taarifa yako, ni kuiruka ile alama mara ya pili. Nafasi itabaki wazi, watamwomba, naye atakataa, kwa sababu bado anaamini kichwa chake kimetoboka. Utakuwa umempa kiti na kumwachia hofu.

Sasa sikiliza. Leo ni Jumamosi. Nenda kwake nyumbani leo hii, peke yako, na daftari mkononi. Usianze na salamu za nusu saa, usianze na habari za mapacha. Mwambie: wewe ndiye uliyesikia sawa, mimi nilikuwa nimesinzia, na hapa pembeni niliandika kwamba sina hakika nikaficha. Mwonyeshe penseli kwa kidole. Na tafadhali usilie. Ukilia atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si yako. Akikufukuza, toka. Akikutukana, yasikilize yote mpaka mwisho, umeyalipia.

Jumatatu, saa ya chai, mwombe Spika agonge kikombe chake. Mama Pacha alivunjiwa heshima mbele za watu, basi irudishwe mbele za watu hao hao, palepale kwenye vikapu. Soma ukurasa ule ule, safari hii pamoja na alama yake. Kisha sema jina lako litolewe na uwaombe waangalie upya la Mama Pacha. Akitaka, atakubali. Hatakuwa na deni la kukubali ili wewe ujisikie vizuri.

Kuhusu daftari, naona ndilo linalokuuma kuliko unavyokiri. Miaka ishirini na minane ni mingi. Hebu fikiri: hadi leo wenzako wamekuwa wakiamini kitabu kisichokosea, na kitabu cha namna hiyo hakipo. Kuanzia Jumatatu wataamini kitabu ambacho mwandishi wake husema mahali asipojua. Watakucheka wiki mbili, Spika atakucheka mwezi mzima. Utavumilia. Ila alama zako uziandike kwa wino kuanzia sasa, penseli inamfaa mtu anayetaka kubaki na nafasi ya kusahau.

Waigizaji wenu waacheni wabishane wenyewe, wanajua kazi hiyo kuwazidi, na mwisho wake wanapeana usafiri. Mpende Mama Mkwe wako alivyo, na asiyoyasema usimsemee.

Sijui kama Mama Pacha atarudi kwenye kukunja. Mimi si mpiga ramli, na hasira yake, ikija, itakuwa ya haki. Wewe ukimaliza kusoma ukurasa wako, mwombe mzee wa mikono mirefu apumzike kidogo, chukua shuka, shika pembe zako mbili, na usimame pale unaposimama siku zote. Usimwite Mama Pacha. Asipokuja, na zile pembe nyingine zikigusa sakafu, lirudishe shuka likafuliwe, na Jumanne uchukue jingine.